Mabati ya Kanisa na Ndege za Johannesburg

Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu mwaka huu, baada ya chakula cha mchana, mafundi wawili kutoka makao makuu walizima mtambo wa kuongoza ndege uliokuwa juu ya kilima chetu karibu na Kambu. Hakukuwa na sherehe. Mmoja alishusha swichi, mwingine akaandika saa, kisha wakaniomba maji ya kunawa mikono. Mzee Muthama, aliyenifundisha kazi kwenye mtambo huo, tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia, kwao Kasikeu. Mimi nilistaafu wiki mbili baada ya swichi kushushwa. Ninaandika nikiwa bado naamka asubuhi na kutega sikio nisikie jenereta.

Nyinyi mnaobaki kwenye vituo vingine mliniambia siku ya chai ya kuniaga kwamba niandike kidogo. Nimesoma mpaka darasa la nane, kwa hivyo mtanisamehe mahali kalamu inapokwaruza. Vyeo sitaandika kwa kuwa sikuwa navyo. Mshahara kila mtu anaujua wake.

Kwa ambao hawajafika, kituo chetu hakikuwa uwanja wa ndege. Hakuna ndege iliyowahi kutua pale. Kulikuwa na chumba kimoja cha mawe, antena zilizopangwa mviringo juu ya jukwaa, jenereta, matangi ya maji, nyumba ya mlinzi na ua wa waya. Mtambo ulifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwambia rubani yuko upande gani wa kilima chetu. Ya pili ilikuwa kumwambia yuko umbali gani. Ndege inauliza, mtambo unajibu, na kutokana na ule muda mdogo sana kati ya swali na jibu, chombo kilicho ndani ya ndege kinapiga hesabu ya umbali. Yote hayo yalifanyika bila mtu kufungua mdomo. Nilifanya kazi na marubani maisha yangu yote na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia.

Nilifika kutoka Kabati nikiwa kijana, nimeajiriwa kulinda na kukata nyasi. Nilimkuta Mzee Muthama amechutama mbele ya betri, akisugua vichwa vyake kwa mswaki wa zamani na maji ya magadi. Hakuinuka.

"Unatoka wapi?"

"Kitui. Kabati."

"Unaogopa stima?"

Nilifikiria nidanganye, nikaona haifai siku ya kwanza. "Naogopa."

"Vizuri. Ule alikuwa hapa mbele yako alikuwa haogopi."

Sikuuliza alienda wapi. Alinipa fyekeo, akanionyesha mahali pa kuanzia, na akaniambia nyasi zisipite kifundo cha mguu. Nilidhani ni mambo ya usafi. Baadaye nilielewa kwamba moto wa nyasi ukipanda kilima wakati wa kiangazi, hauulizi kama kuna ndege hewani.

Vifaa vyake vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na msumari wake ukutani. Pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi ndani ya mtambo. Brashi ya rangi ambayo haikuwahi kugusa rangi. Kipima umeme chenye kioo kilichopasuka, ambacho alikiamini kuliko kipya kilichotumwa kutoka makao makuu. Chupa ya maji ya betri, iliyofungwa kitambaa chekundu ili mtu asinywe. Mchwa, mijusi na nyigu wote walitamani kuhamia kwenye yale makabati yenye joto, na asubuhi ya kwanza ya kazi ilikuwa kuwaambia hapana. Nimewahi kutoa kiota cha nyigu kwenye kabati kwa kijiko cha uji, yeye akiwa nyuma yangu anasema, "Polepole, hao wako kwao, wewe ndiye mgeni."

Kila alasiri ndege moja ilipita juu sana, ikiacha mstari mweupe. Siku moja nilimwuliza ni ya wapi.

"Imetoka Johannesburg. Inaenda Dubai."

"Ni mbali?"

"Kilomita elfu sita na ushei."

"Ushei ngapi?"

"Inategemea ni nani anapima."

Niliona ananikwepa. Kumbe hakuwa ananikwepa. Siku iliyofuata alipanda kilima na tikiti maji alilonunua kwa akina mama wa barabarani pale Kambu. Aliliweka juu ya kiti, akatia alama mbili za makaa, moja chini karibu na kitako cha tikiti, nyingine juu upande wa kulia. "Johannesburg. Dubai." Akachukua uzi wa mkonge akauvuta ukakaza kutoka alama moja mpaka nyingine.

"Huu ndio umbali wanaandika kwa vitabu. Ukiuliza mtu mji huu na ule ni mbali kiasi gani, atakutajia huu."

Halafu alitoa mfukoni miiba ya mgunga, akaichoma kwenye tikiti, mmoja hapa, mwingine pale, karibu na ule mstari lakini si juu yake. Akapitisha uzi kutoka Johannesburg ukazunguka mwiba wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka Dubai. Uzi ulipungua. Ilibidi aongeze kipande.

"Na hivi ndivyo ndege inatembea. Haitoki mji ikaenda mji. Inatoka mwiba ikaenda mwiba. Hicho kipande nimeongeza ndio ushei."

"Na sisi tuko wapi?"

Akagusa mwiba mmoja wa katikati. Haukuwa mrefu kuliko mingine. "Sisi ni huu. Ukianguka, uzi unalegea."

Baada ya hapo aliling'oa miiba tikiti, akalikata, akanipa kipande chenye Dubai. Nimesoma vipeperushi vingi vya kazi tangu siku hiyo na kuhudhuria mafunzo mawili yenye chakula cha hoteli. Sijapata somo lililoingia kama lile.

Kuanzia hapo nilianza kuipenda kazi. Mzee aliwaita waliokuwa ndani ya zile ndege "wageni". Mtambo wa kwanza ukizima wenyewe na ule wa akiba ukashika, kengele ilikuwa inalia, naye angeacha ugali mezani akapanda mbio. "Wageni wako njiani," ndilo jambo pekee alilosema. Nilimwona akipanda hivyo akiwa na malaria. Tembo wa kutoka mbugani waliwahi kuangusha ua wetu upande mmoja, wakanywa tangi moja na kulipindua la pili. Mzee alitumia siku tatu kushona waya, akilalamika tu kwamba tembo hawasomi bango. Bango lilisema ni marufuku kuingia.

Sasa nieleze habari ya kanisa, kwa sababu nyinyi vijana mnaisikia kwa vipande na kila mtu anaongeza chumvi.

Mzee alikuwa mzee wa kanisa moja dogo pale Kambu. Waumini walikuwa wakisali chini ya turubai kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambapo malori yalikuwa yanapiga honi katikati ya sala. Familia moja iliwapa kiwanja kwenye bega la kilima chetu, nje ya ua wa kituo, mahali pa utulivu penye upepo. Watu wote tulijua mwisho wa kituo ni ua. Mzee naye alijua hivyo. Alibeba mawe kama wengine.

Mabati hayakununuliwa na mtu mmoja. Kila nyumba ilitoa yake, siku moja ya Jumapili, kwa kusimama mbele na kutaja idadi. Nyingine ilitoa mawili, nyingine moja lililokunjika kidogo. Mzee alitoa ya safu ya mbele. Mama Wambui ndiye aliyetoa mengi kuliko wote. Huyu alikuwa mweka hazina wa kanisa na mwenye duka la mabati na simiti pale Kambu. Watu wake walitoka Murang'a zamani wakafuata barabara mpaka huku, naye alizungumza Kikamba cha kutosha kukataa kupunguza bei. Alitoa mabati mekundu, ya rangi, ya kufunika mimbari. Yalipopigiliwa, watu wa barabarani waliyaona kutoka mbali. Kila nyumba ilijua bati lake lilipo. Mtoto angekaa ibadani akiangalia juu na kusema, hilo ni letu.

Mwezi mmoja baadaye ilikuja ndege ndogo ya ukaguzi. Ndege hiyo huzunguka kituo na kupima kama mtambo unasema kweli kila upande. Injinia Akoth kutoka makao makuu alikuwa chini pamoja nasi, na redio mkononi. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani, anayejua kazi yake na asiyeinua sauti. Alisikiliza redio, akaandika, akaomba ndege izunguke tena. Halafu alisimama mlangoni akatazama bega la kilima.

"Mzee, hili kanisa limekuja lini?"

"Tumemaliza kuezeka mwezi jana. Karibu ibada."

"Asante. Ni lako?"

"Ni la Mungu. Lakini yale mabati ya mbele ni yangu."

Alitueleza taratibu. Mawimbi ya mtambo yanatoka kila upande. Yakigonga bati pana yanarudi kama jua linavyorudi likigonga kioo, yanachanganyika na yale ya kweli, na ndege inasoma upande usio wake. Ua haukuwa mpaka wa jambo hilo. Mpaka ulikuwa mbali zaidi, kwenye ramani ambayo haikuwahi kuletwa kituoni.

"Kosa ni kubwa?" Mzee aliuliza.

"Hapa ni upana wa kidole. Lakini inavyoenda mbali inapanuka. Ndege ikiwa huko kusini kabisa, si kidole tena."

"Kusini ndio hiyo ya Johannesburg inatoka."

"Huko huko, Mzee."

Alisema angeandika ripoti siku hiyo, na marubani wangeambiwa wasitegemee mtambo wetu upande wa kusini. Ndege ya ukaguzi ingerudi baada ya wiki kadhaa. Ikikuta mambo yako vile vile, idara ingeenda kortini, na ikishinda ingeleta tingatinga.

"Nipatie mpaka hiyo ndege irudi," Mzee alisema.

"Lakini kuandika lazima niandike."

"Andika. Mimi sijakwambia usiandike."

Injinia alipoondoka, Mzee alikaa kwenye ngazi ya mtambo. Nilimwambia labda idara itahamisha mtambo. Alisema haiwezi. Nikamwambia kanisa si lake peke yake, na yeye ni mfanyakazi tu, awaachie wakubwa waongee na wakubwa. Alinitazama kama mtu aliyesikia mbwa akibweka kijiji cha pili. "Wakiongea wakubwa," alisema, "italetwa tingatinga kwa kanisa yetu na mimi nikiwa hapa juu na fyekeo."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Aliwaambia kama alivyoambiwa, bila kupunguza, na kwamba hata yeye hakuwa anajua. Kukawa na kelele, kisha Mama Wambui akainuka.

"Bwana wa Ndege," alisema. Hilo ndilo jina alilomwita akiwa amekasirika. "Hizo ndege zimewahi kutua hapa hata zinunue soda?"

Watu walicheka.

"Hazijatua," Mzee alisema.

"Wale wako ndani wanajua kuna kanisa hapa?"

"Hawajui."

"Tukitoa mabati, watajua tumetoa?"

"Hapana, Mama. Hawatajua."

"Sasa hiyo kazi yote tunafanyia nani?"

"Hao hao wako ndani."

"Kidole moja, umesema. Sisi tubomoe nyumba ya Mungu sababu ya kidole moja."

Mzee aliomba watu watoke nje. Alikuwa amekuja na kamba mbili za mkonge, ndefu, zile za kufungia ng'ombe zilizounganishwa. Alizifunga zote kwenye msumari mmoja wa mlango. Akamwomba Mama Wambui aweke kidole kati ya hizo kamba, hatua chache kutoka mlangoni, na asikitoe. Halafu vijana wawili walipewa ncha, mmoja kamba hii, mwingine ile, wakashuka nazo zikiwa zimekazwa, kila mmoja akifuata kamba yake bila kupinda, mpaka zilipoishia chini kabisa karibu na barabara.

"Waulizeni kama wako pamoja," Mzee alisema.

Hawakuwa pamoja. Kati yao alikuwa amepita mwanamke na punda wake aliyebeba mitungi, na hakuna kamba iliyomgusa.

"Hapo ni barabarani tu," Mzee alisema. "Johannesburg ni mbali kuliko barabara."

Mama Wambui alikuwa bado ameweka kidole. Alikitoa, akakipangusa kwenye kitambaa, akasema kwamba punda naye haendi Dubai. Akaondoka. Sikumlaumu. Mtu anaweza kuelewa jambo vizuri na bado asilitake.

Mchungaji wetu, Pasta Musembi, alisema tuombe wiki nzima. Mzee aliomba, lakini Jumatatu alimwendea mchungaji na kuuliza kama anaweza kutoa yale mabati aliyoyatoa yeye. Mchungaji alisema mtu hawezi kukatazwa kuchukua chake, ijapokuwa hajawahi kusikia mtu akichukua kutoka paa la kanisa. Mzee alipanda na nyundo. Nilimshikia ngazi. Alitoa msumari mmoja mmoja, akalishusha kila bati kama unavyomshusha mgonjwa kitandani.

Jumapili iliyofuata wazee wa benchi la mbele walikaa juani. Vijana walisema kanisa limenyolewa upande. Mtu mmoja alimwambia Mzee usoni kwamba amelipwa na watu wa ndege. Mzee alisema angelipwa angenunua viatu, akamwonyesha vyake. Hakusema tena habari ya mabati, wala kwenye matangazo wala njiani. Nilimwuliza kwa nini hawasukumi kidogo. Alisema alishasema mara moja, na walikuwa na masikio.

Siku ya Jumanne, mjane mmoja aliyekuwa ametoa bati moja alipanda kilima na mwanawe na koleo. Alhamisi zilikuja nyumba mbili. Hakuna aliyeamuru na hakukuwa na kura. Kila mtu alikuja kwa bati lake. Wengine walikuja wamekasirika na wakatoa misumari kwa hasira, na Mzee aliwashikia ngazi hao pia. Mpaka wiki ya nne paa lote lilikuwa chini isipokuwa kipande kimoja juu ya mimbari, chekundu, kilichosimama peke yake kwenye mbao kama kofia.

Injinia Akoth alipiga simu kusema ndege ya ukaguzi inakuja kesho yake. Mzee alimwambia ukweli, kwamba yamebaki mekundu. Akamwuliza kama hayo peke yake yanaweza kuharibu. Injinia alisema yanaweza, kwa sababu ndiyo yaliyoelekea mtambo. Nilimwambia Mzee tupande tuyatoe wenyewe, ni dakika chache. Ndiyo siku pekee aliyonigombeza kwa sauti. "Hayo si yangu, na si yako."

Alasiri pikapu ya Mama Wambui ilipanda kilima ikiunguruma. Alishuka na wafanyakazi wake wawili. Hakumsalimia Mzee. Alisimama chini ya mimbari, mikono kiunoni, akawa anasimamia kazi.

"Hiyo misumari musipinde," aliwaambia. "Nitauza tena."

Mzee alisogea kushika ngazi. Mama Wambui akamwambia, bila kumtazama, "Wewe toka hapo, utaangukiwa niitwe kortini." Lakini Mzee aliendelea kushika, na yeye hakurudia.

Ndege ya ukaguzi ilizunguka asubuhi. Injinia alisikiliza redio yake muda mrefu, kisha akamgeukia Mzee akasema, "Kusini kumenyooka." Mzee alimshukuru, akamwuliza kama atakunywa chai. Alipoingia jikoni kupika alichelewa sana, na mimi sikumfuata.

Kanisa lilijengwa upya chini, nyuma ya bega la kilima, kwenye kiwanja kingine karibu na barabara. Kelele za malori zikarudi. Kwa miaka mingi, kila dereva alipopiga honi katikati ya mahubiri, Mama Wambui aligeuza shingo taratibu akamtazama Mzee Muthama, na Mzee aliinamisha kichwa kama mtu aliyetajwa kwa jina. Walizungumza mambo ya kanisa, ya hazina, ya wagonjwa. Habari ya kilima hawakuigusa. Mabati mekundu yalirudi juu ya mimbari. Mama Wambui hakuyauza.

Mzee alistaafu, nikabaki na kituo. Kazi ikaendelea kubadilika. Ndege mpya zilikuja na vyombo vinavyosoma setilaiti, na zile za Johannesburg zikaanza kupita mbali kidogo na kilima chetu, moja kwa moja, ule ushei wa Mzee ukizidi kupungua. Sina uchungu na hilo. Njia fupi ni njema kwa aliye ndani, na ndivyo Mzee alivyosema mwenyewe. Tuliendelea kuutunza mtambo kwa ajili ya ndege za zamani na kwa siku ambayo setilaiti ingekosea. Nilipuliza vumbi kwa pampu ile ile.

Mwaka jana makao makuu walituambia kituo kitafungwa. Nilienda Kasikeu kumwambia Mzee kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Alikuwa amelala, mwili umeisha, lakini kichwa kilikuwa kizima.

"Hao wanatoka kusini, watajuaje njia?" aliniuliza.

Nilimweleza setilaiti ni nini kadiri nilivyoelewa mimi, ambayo si nyingi. Aliniuliza kama mainjinia wamehakikisha. Nikamwambia wamehakikisha miaka kadhaa.

"Basi ni vizuri," alisema, akaomba nimgeuze upande wa pili kwa sababu bega lilikuwa linamuuma.

Alikufa mwanzoni mwa mwezi wa pili. Watu wa Kambu walijaza gari mbili kwenda kumzika. Mama Wambui hakufika. Magoti yake hayapandi gari tena, na alituma mtu na blanketi.

Swichi iliposhushwa, nilikaa na jambo moja ambalo halikunipa usingizi mzuri. Kilima sasa kilikuwa huru. Bati lolote lingeweza kuwekwa kwenye lile bega na lisimpotoshe mtu. Nikinyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikisema, kuna watu wangeona kwamba Mzee aliwabomolea kanisa kwa kitu ambacho kimezimwa kama taa ya jikoni. Jina lake ndilo lililokuwa hatarini, na hakuwepo kulisemea. Lakini yeye aliwaambia ukweli ulipokuwa mgumu kwake. Sikuona namna ya kumheshimu kwa kuficha.

Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa matangazo. Nilisema mtambo umezimwa na hautawashwa tena. Nilisema kile kiwanja cha juu sasa kinaweza kuezekwa kwa mabati bila shida, kama kanisa linakitaka.

Kijana mmoja wa kwaya, ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, alisema kutoka nyuma, "Kwa hivyo mlitoa bure?"

Kabla sijafungua mdomo nilimwona Mama Wambui anainuka, akishika benchi la mbele yake. Watu walingoja mpaka akasimama sawa.

"Mutiso," aliniita kwa jina. "Hizo ndege zilipita?"

"Zilipita, Mama."

"Zote?"

"Sijasikia ya kwetu iliyopotea."

Alimgeukia yule kijana, akamwangalia mpaka kijana akaangalia chini. Halafu akarudi kwangu.

"Mzee alijua wataizima?"

"Alijua. Nilienda nikamwambia, kabla hajafa."

"Na akasema nini?"

"Aliuliza wale wa kusini watajuaje njia. Nikamwambia. Akasema ni vizuri."

Mama Wambui alishika benchi kwa mikono miwili.

"Angetuma mtu aniambie," alisema. "Ningetafuta gari nikamwone."

Akaketi. Katibu aliangalia karatasi yake, akaendelea: mazoezi ya kwaya ni Jumamosi saa nane, na aliyesahau mwavuli wiki iliyopita auchukue kwa Pasta.